Kengele ya Saa Sita Mchana

Kwa Wakatoliki waliokulia jirani na misheni, siku ya kazi ina kengele tatu. Ya kwanza hulia saa 12 asubuhi, watu wakishika njia ya shamba. Ya pili ni ya saa 6, jua likiwa utosini. Ya tatu ni ya saa 12 jioni, majembe yakirudi begani. Ndiyo kengele ya Malaika wa Bwana: mapigo matatu na kimya kidogo, matatu na kimya, matatu tena, kisha mfululizo. Saa zetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, hivyo sala hii imekaa mahali pake bila kulazimishwa, mwanzoni mwa mchana, katikati na mwishoni. Anayelima husimamisha jembe, hunyoosha mgongo, huvua kofia. Sala yenyewe ni fupi: habari ya malaika aliyemjia Maria, Salamu Maria tatu zikipokezana nayo, na ombi la kufunga. Wakati wa Pasaka huachwa, ikasaliwa Malkia wa Mbingu. Kisha palizi inaendelea.

Nimewasikia Wakristo wengi, wa madhehebu mbalimbali, wakisema wangependa kusali kazini ila nafasi haipatikani. Wanasema kweli, haipatikani. Shambani kuna magugu, ofisini kuna mafaili, dukani kuna mteja aliyekwisha kunyoosha noti. Lakini ukiangalia desturi za sala zilizodumu katika maisha yetu ya kazi, hakuna hata moja iliyosubiri nafasi. Zote zimefungwa kwenye jambo ambalo kazi yenyewe lazima ilipitie: kufungua mlango wa duka, kuwasha jiko la mama lishe, kupokezana zamu, kuketi nyuma ya usukani, kutia mbegu ya kwanza shimoni. Mwenye cherehani hawezi kushona bila kutunga uzi. Basi hapo anapotunga uzi ndipo anapotamka jina la Bwana, na kesho atatunga tena.

Peramiho, kusini mwa Tanzania, ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilia walifika pwani yetu mwaka 1888 wakaanzia Pugu, na mwaka 1898 wakafungua misheni ya Peramiho katika nchi ya Wangoni. Mwaka 1905 misheni iliteketezwa katika vita vya Majimaji, na Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa mwanzilishi wake, aliuawa akiwa safarini. Ikajengwa upya. Kikakua kituo chenye mashamba, karakana za useremala na uhunzi, kiwanda cha kupiga chapa na hospitali, vyote vikiisikia kengele moja. Ni haki kusema pia kwamba kengele za misheni, zama za ukoloni, hazikuita watu kwenye sala tu. Ziliwaita darasani na kazini, na wazee wetu wengi walijifunza ratiba ya Kizungu na Salamu Maria kwa mlio uleule. Hata hivyo ratiba ile imekwenda na wenyewe, sala imebaki. Leo watawa wengi wa Peramiho na wa abasia ya Hanga ni wana wa nchi hii, na wanaisali kwa Kiswahili chao.

Kanuni wanayoifuata iliandikwa na Mtakatifu Benedikto huko Italia katika karne ya 6, na mtu wa kazi akiisoma atashangaa jinsi ilivyowajali watu wa aina yake. Inaagiza kwamba ishara ya sala ikisikika, mtawa aache mara moja alichoshika mkononi. Kwa ndugu aliye mbali, asiyeweza kuwahi kanisani, haisemi basi asamehewe. Inasema apige magoti palepale anapofanyia kazi, asali akiwa hapohapo. Mtunza ghala inamtaka avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Sufuria, jembe na mundu vinaingia katika hesabu moja na kalisi. Sijui maneno yanayomfaa zaidi mpishi wa shule ya bweni, aamkaye usiku wa manane kukoroga uji wa wanafunzi.

Ila sala ya kazini kwetu si ya kengele tu. Mara nyingi imo ndani ya salamu. Katika kitabu cha Ruthu, Boazi anafika shambani kwake akitokea Bethlehemu, na kabla ya kuuliza chochote anawasalimu wavunaji kwa jina la Bwana, nao wanamrudishia kwa baraka. Wakulima wetu hawahitaji kufafanuliwa mandhari hiyo. Mkatoliki akipita penye watu wanaovuna husema, "Tumsifu Yesu Kristo," wakamjibu, "Milele na milele, amina." Mlutheri na Mpentekoste watasema, "Bwana Yesu asifiwe," na jibu ni "Amina." Simu ya ofisini hupokelewa hivyo, abiria humwambia hivyo dereva anayemfahamu, na mikutano ya vikoba hufunguliwa hivyo. Kuna wanaoona salamu hizi zimezoeleka mno hata zimekuwa desturi ya mdomo. Mimi naona kuzoeleka ndiko kunakozitia nguvu, kwa maana siku moyo umekauka, mdomo bado unajua njia.

Nehemia naye alikuwa mwajiriwa, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Alipoulizwa na mfalme anataka nini, kati ya swali na jibu alimwomba Mungu wa mbinguni, kisha akasema haja yake. Mfalme hakungojeshwa. Karani aliyeitwa ghafla na mkurugenzi, au muuguzi anayetafuta mshipa kwenye mkono wa mtoto, wana urefu huohuo wa muda, nao unatosha.

Mjini mambo yamebadilika sura. Dar es Salaam, kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na lile la Azania Front, yote ya zama za Wajerumani, yanatazamana na bandari, karibu na ofisi na kivuko cha Kigamboni, na ibada za siku za kazi hupokea watu waliovaa sare za kampuni na vitambulisho shingoni. Nairobi, ibada ya saa ya chakula cha mchana imekuwa desturi ya wafanyakazi wa katikati ya jiji. Anayeihudhuria amekubali kula haraka au kutokula. Wengine huanza na maombi ya alfajiri kanisani, ndipo wakapande matatu au daladala. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika miaka ya 1970, nyingi hukutana nyumbani kwa mmojawao asubuhi na mapema, ili mwenye kibarua asichelewe. Hapo ndipo kazi za watu huombewa kwa majina yake: fulani ameachishwa, fulani anafanya usaili Jumanne, pikipiki ya fulani imeibwa.

Tena tusisahau majirani. Kwenye karakana nyingi za pwani, fundi Mkristo na fundi Mwislamu wanatumia meza moja. Adhana ya adhuhuri ikilia, mmoja huenda kutawadha na mwenzake hushika zamu ya wateja. Jumapili zamu inageuka. Nina hakika Wakristo wengi wa pwani wamejifunza kutoona haya kusali mbele ya watu kwa kuwatazama wenzao hao.

Katika hospitali nyingi za makanisa, siku huanza kwa ibada: wimbo, somo, neno fupi, sala, kisha ripoti ya usiku na mzunguko wa wodini. Naipenda desturi hii, na kwa sababu naipenda sitaficha linaloiharibu. Ibada ikivuka wakati wake huku wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi tangu alfajiri, wale walio nje wanajifunza kwamba Mungu ndiye anayewacheleweshea dawa. Vinsenti wa Paulo, aliyeanzisha shirika la Mabinti wa Upendo pamoja na Louise de Marillac huko Ufaransa mwaka 1633, aliwafundisha masista wake kwamba anayeitwa kwa maskini akiwa katikati ya sala aiache aende, kwani anamwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Padri huyo hakuwa adui wa sala. Alitaka tu ijulikane inampeleka wapi mtu.

Gahini, nchini Rwanda, swali hilo la sala inampeleka mtu wapi lilijitokeza kwa namna ambayo Afrika Mashariki yote iliisikia. Hospitali ya misheni ya Kianglikana hapo ilikuwa na sala zake, lakini watumishi wake walikuwa na magomvi na wagonjwa hawakuhudumiwa vyema. Mmoja wa viongozi wa wahudumu Waafrika, Yosiya Kinuka, alikwenda Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuonana na Simeon Nsibambi, rafiki wa Daktari Joe Church wa hospitali hiyo. Nsibambi alimwelekeza autazame moyo wake mwenyewe kabla ya makosa ya hospitali. Kinuka alirudi mtu mwingine. Uamsho ulioenea kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya na Tanganyika ulijulikana kwa nyimbo na ushuhuda, lakini waajiri na majirani waliutambua kwa jambo lingine: walokole walirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni yaliyokwisha kusahaulika.

Kwa kuwa sala hupimwa hivyo katika kazi na mali, sikukuu ya mavuno inanigusa kuliko ibada nyingi. Katika sharika za Kilutheri, watu huja na walichokichuma: mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi, mayai, maziwa kwenye kibuyu. Baada ya ibada, uwanja wa kanisa hugeuka mnada. Kuku mmoja hununuliwa, mnunuzi humtoa tena, akauzwa mara ya pili na ya tatu, na mwisho anamwendea mjane ambaye hakuwa na kitu cha kunadi. Wiki nzima ya kazi inaletwa mbele ya Mungu ikiwa na udongo wake. Lakini mahindi ya mavuno hayohayo hupita sokoni pia, na wakulima wanajua lumbesa ni nini, gunia lililojazwa kupita kipimo likalipwa kama gunia moja. Benedikto aliwaagiza mafundi wa monasteri wauze bei nafuu kidogo kuliko watu wengine, ili uchoyo usiingie katika kazi ya mikono yao. Ningefurahi kuwaona waumini siku hiyo wakipeleka mizani zao altareni pamoja na mahindi, mchungaji akaziombea, na wanunuzi wenyewe wakiwapo kushuhudia.