Mkono Mmoja, Vali Mbili: Matengenezo na Usalama wa Vituo vya Nguvu za Atomiki

Vyombo vya usalama vina tabia moja inayovitofautisha na mitambo mingine. Pampu ya maji ya kila siku ikiharibika, mwenye nyumba hujua siku ile ile, kwa kuwa bomba halitoi maji. Chombo cha usalama chaweza kulala miaka mingi bila kuitwa kazini, na kikiharibika katika usingizi huo hakuna ajuaye mpaka siku ya hatari. Kwa sababu hiyo hakina budi kupimwa mara kwa mara. Hapo ndipo linapoanzia tatizo tunalokusudia kulieleza: ili akipime, mara nyingi fundi hulazimika kukiondoa kazini kwa muda.

Katika vituo vya kuzalisha umeme kwa nguvu za atomiki jambo hili lina uzito wa pekee. Ndani ya kinu, viini vya urani hupasuka na kutoa joto. Joto hilo hutumika kuchemshia maji, na mvuke wake huzungusha mashine za umeme. Fimbo za kudhibiti zikiingizwa kinuni, mpasuko wa viini husimama kwa sekunde chache, lakini joto halikomi. Masalia ya viini vilivyopasuka huendelea kutoa mionzi, na mionzi hiyo hugeuka joto: mwanzoni kiasi cha asilimia 6 ya nguvu ya kinu, na baada ya saa moja zaidi kidogo ya asilimia 1.

Kinu cha pili cha Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, kilikuwa na nguvu ya joto ya megawati 2,772. Asilimia 6 yake ni kama megawati 166, yaani zaidi ya mara mbili ya uwezo wa kituo chetu cha umeme cha Mtera, ambao ni megawati 80. Joto hilo lote lazima liondolewe kwa maji, hata kinu kikiwa kimezimwa. Ndiyo maana pampu za akiba huwekwa zaidi ya moja, kila moja na njia yake.

Sasa tutazame yaliyotokea katika kinu hicho. Tarehe 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri, pampu kuu za kupeleka maji kwenye boila za mvuke zilisimama. Mafundi walikuwa wakizibua sehemu ya mtambo wa kusafishia maji, na kazi hiyo ndiyo iliyoanzisha hitilafu. Kinu kilijizima chenyewe kama kilivyokusudiwa. Pampu tatu za akiba ziliwaka zenyewe, nazo pia kama zilivyokusudiwa. Hata hivyo maji hayakufika kwenye boila. Vali mbili zilizokuwa njiani, moja kwa kila boila, zilikuwa zimefungwa. Siku mbili kabla zilifungwa ili kupima pampu zile zile za akiba, na hazikufunguliwa tena.

Katika chumba cha kuongozea mitambo zilikuwapo taa za kuonyesha kwamba vali zimefungwa. Taa moja ilifunikwa na kadi ya matengenezo iliyokuwa ikining'inia juu yake; ya pili haikutazamwa na mtu. Zilipita dakika 8 kabla kosa halijagunduliwa na vali kufunguliwa.

Lazima tuseme kweli: Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais Jimmy Carter, chini ya uenyekiti wa John Kemeny, haikuziona dakika hizo 8 kuwa ndizo zilizoharibu kinu. Hasara kubwa ililetwa na vali nyingine, ya kupunguza kanieneo, iliyokwama wazi na kumwaga maji ya kinu kwa zaidi ya saa mbili, huku watumishi wa zamu wakidhani kinu kina maji mengi mno na kuyapunguza yale ya dharura. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka. Hata hivyo vali mbili zilizosahauliwa ziliwaongezea watumishi hao mkanganyiko katika dakika ambazo walihitaji akili iliyotulia.

Hapa hesabu yaweza kutusaidia. Tuseme kwamba uwezekano wa vali moja kukutwa imefungwa kwa bahati mbaya ni 1 katika 100. Ikiwa vali mbili hazihusiani, uwezekano wa zote kufungwa pamoja ni 1 katika 10,000. Lakini mtu mmoja akizifunga zote mbili katika kazi moja, akasahau kuzifungua, uwezekano hurudi karibu na 1 katika 100. Akiba iliyogharimu fedha nyingi imekuwa kama haipo.

Kanuni hii haihitaji kinu cha atomiki ili ionekane. Tufikiri zahanati ya kijijini, tuseme Kurui katika Wilaya ya Kisarawe, yenye jokofu la chanjo linalotumia gesi. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa baina ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, kwa hiyo mitungi ya gesi imewekwa miwili. Fundi akifunga mitungi yote miwili ili akague mipira, kisha akaondoka kabla ya kuifungua, mtungi wa pili hautamsaidia mtoto yeyote.

Mfano mwingine watoka Browns Ferry, katika jimbo la Alabama. Tarehe 22 Machi 1975 mafundi walikuwa wakitafuta mianya ya hewa mahali ambapo kebo za umeme hupenya ukutani. Walitumia mshumaa: mwali ukiyumba, hapo pana mwanya. Mwali ulivutwa ndani ya tundu, sponji ya plastiki ya kuzibia ikashika moto. Moto uliwaka kwa muda wa saa 7 hivi na kuharibu kebo zaidi ya 1,600, zikiwamo mamia ya kebo za vyombo vya usalama. Kwa bahati njema vinu vilipozwa kwa njia zilizosalia, na mionzi haikutoka nje. Somo ni lile lile: vyombo vilikuwa vingi, lakini kebo zake zilipita mahali pamoja. Mwaka 1980 Marekani ilitoa kanuni mpya za kuzitenganisha kebo hizo na kuzikinga na moto.

Kutokana na mikasa hii twaweza kutoa mambo matatu. Kwanza, chombo na akiba yake visiondolewe kazini kwa wakati mmoja. Pili, baada ya matengenezo, mtu wa pili ahakikishe kwa macho yake kwamba kila kitu kimerudishwa mahali pake. Tatu, alama ya matengenezo isifiche kile kinachopaswa kuonekana.

Afrika Mashariki haijawa na kituo cha umeme wa atomiki, ingawa Kenya na Uganda zimetangaza mipango ya kujenga. Wahandisi na mafundi watakaovitunza vituo hivyo huenda wako madarasani sasa. Walimu waweza kuwapa zoezi dogo: wavikague vizima-moto vya shule, waulize vilipimwa lini, na nani, na ni nani mwingine aliyehakikisha kwamba baada ya kupimwa vilirudishwa vikiwa vimejaa.