Usomaji wa Sumaku kwa Mwanga: Maana na Istilahi

Mfasiri akutanaye na habari za kusoma kumbukumbu za sumaku kwa msaada wa mwanga hushawishika kuandika "usomaji wa mwanga". Twaonelea kuwa istilahi hiyo inapotosha, kwani yaweza kueleweka kwamba mwanga ndio usomwao. Kisomwacho ni sumaku. Mwanga ni chombo tu.

Tueleze kwanza jambo lenyewe. Mwanga ni mawimbi, na waweza kuchujwa hata utetemeke katika bapa moja tu. Mwalimu wa Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, asiye na maabara, aweza kulionyesha hili kwa panga na ua wa fito zilizosimama: panga likishikwa wima hupenya baina ya fito, likilazwa hukwama. Mnamo 1845 Michael Faraday aligundua kwamba bapa hilo huzunguka mwanga upitapo katika kioo kilichowekwa katika nguvu ya sumaku. Mnamo 1877 John Kerr alichapisha habari kwamba bapa huzunguka pia mwanga uakisiwapo na uso wa sumaku.

Mzunguko huo ni mdogo, aghalabu haufikii digrii moja, lakini watosha. Ncha ya kaskazini ikielekea juu, bapa huinama upande mmoja; ikielekea chini, huinama upande wa pili. Kichujio cha pili huigeuza tofauti hiyo kuwa mwanga mkali au hafifu, nao hutafsiriwa kuwa moja au sifuri.

Tuchukue mfano wa MiniDisc, iliyotolewa na Sony mwaka 1992. Ile iliyouzwa ikiwa na muziki ilikuwa na vishimo; ile ya kurekodia ilihifadhi sauti kwa sumaku. Zote zilisomwa kwa leza. Basi jina "diski ya mwanga" halizitofautishi. Karani wa masjala akiandikiwa jina hilo pekee, huenda akatafuta mashine ya kusomea vishimo, isiyoweza kupima mzunguko wa bapa; asipopata kitu, ataihesabu diski kuwa tupu na kuitupa pamoja na kumbukumbu zake.

Kwa hiyo twapendekeza "usomaji wa sumaku kwa mwanga" kwa kitendo, "diski ya sumaku-mwanga" kwa kifaa, na "diski ya vishimo" kwa ile nyingine. Neno "kwa" ni dogo, lakini ndilo litenganishalo chombo na kitendwa. Mfasiri asiliache.