Maabara Katika Kipande cha Karatasi

Utambi wa taa hauna pampu, lakini mafuta hupanda ndani yake hadi kwenye mwali. Huvutwa na nafasi ndogo zilizo baina ya nyuzi. Mwaka 2007 George Whitesides na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitumia kanuni hiyo hiyo kupima mkojo kwa kipande cha karatasi.

Vibao vya kupimia vyenye mifereji myembamba kama unywele kwa kawaida hufanywa kwa kioo, au kwa mpira laini uliomiminwa juu ya kalibu. Kalibu yenyewe huchorwa kwa mwanga katika chumba kisicho na vumbi, tena kimiminika huhitaji kusukumwa. Gharama hiyo zahanati ya kijijini haiimudu.

Karatasi ya kuchujia hunywa maji pande zote. Kazi ya fundi ni kuyajengea kuta. Kuta za kwanza zilikuwa za plastiki iliyogandishwa kwa mwanga. Mwaka 2009 ilionyeshwa njia nyepesi zaidi: mashine huchapa mistari ya nta juu ya karatasi, kisha karatasi hupashwa joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi kwa dakika mbili. Nta huyeyuka, ikapenya hadi upande wa pili.

Hapo ndipo penye ugumu. Nta haishuki tu, bali hutambaa pia kandoni, kwani nyuzi nyingi za karatasi zimelala. Mfereji hutoka mwembamba kuliko ulivyochorwa, na usipopewa nafasi ya kutosha huziba kabisa. Joto nalo likipungua, nta huishia njiani na mkojo huvuja chini ya ukuta. Basi mchoraji hana budi kukadiria mtambao huo kabla ya kuchapa.

Mikrolita 5 za mkojo, yaani tone dogo sana, zilitosha. Upande mmoja, vimeng'enya na iyodidi hugeuka kahawia panapo sukari; upande wa pili, rangi ya manjano hugeuka buluu panapo protini, ambayo huweza kuwa dalili ya maradhi ya figo.

Kwa bahati mbaya, mashine za wino wa nta zilizotumiwa hazitengenezwi tena. Lakini kuta zaweza kuchorwa hata kwa kalamu ya nta. Darasani, mwanafunzi achore mfereji kwa krayoni pande zote mbili za karatasi ya kuchujia, aipashe kwa pasi baina ya magazeti, kisha adondoshe maji yenye rangi na kupima upana uliobaki.