Darubini Iliyorushwa Malindi, na Namba Unazoweza Kuzikunja Ukiwa Katesh

Ukipanda Mlima Hanang mpaka kileleni, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, usiku utaona anga ambalo mtu wa Dar es Salaam halioni: giza safi na nyota kibao. Lakini kuna mwanga ambao hata hapo juu hautakufikia, nao ni eksirei zinazotoka kwenye nyota. Angahewa huzimeza kabla hazijagusa ardhi. Anayezitaka lazima apeleke chombo nje ya angahewa.

Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hiyo tu ilirushwa kutoka hapa hapa Afrika Mashariki. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi aina ya Scout ilipaa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, ndiyo maana satelaiti hiyo ya NASA ikaitwa Uhuru.

Sasa, ukisikia "darubini ya angani" huenda unafikiria picha za rangi. Uhuru haikupiga picha hata moja. Ilikuwa na vihesabio viwili vilivyotazama pande mbili tofauti, na mwili wake ukizunguka taratibu ili vifagie anga. Kilichoshuka duniani kilikuwa namba tu: wakati huu eksirei tano, wakati unaofuata tatu, kisha nane. Basi. Kazi ya kugeuza namba hizo kuwa habari za nyota ni kazi ya programu za kompyuta. Twende nazo hatua kwa hatua.

Kusafisha

Kihesabio hakijui kuchagua. Chembe zenye chaji zinazozunguka Dunia nazo hukigonga, nacho huzihesabu. Juu ya Atlantiki Kusini chembe hizo ni nyingi mno. Hapo ndipo Malindi ilipoleta faida: iko karibu na ikweta, kwa hiyo Uhuru iliwekwa kwenye njia inayofuata ikweta na ikakwepa sehemu kubwa ya vurugu hiyo. Data ilikuwa safi zaidi kwa sababu ya mahali roketi iliporushwa. Uchafu unaobaki huondolewa na programu: inatupa vipindi vibovu, halafu inakadiria ni hesabu ngapi zingekuwepo hata kama nyota isingekuwepo, na kuzitoa.

Kukunja

Tuseme una duka Dongobesh na kila siku unaandika umeuza soda ngapi. Mnada ni kila wiki. Ukitazama daftari siku moja moja huoni kitu, maana kuna siku ya mvua, siku ya msiba, siku ya harusi. Lakini chukua mwaka mzima, uukate vipande vya siku 7, uvipange kimoja juu ya kingine, ujumlishe. Siku ya mnada itasimama kama kichuguu. Ukikata vipande vya siku 6, kichuguu kinasambaa na kupotea.

Huko ndiko kukunja data, na ni hesabu ambayo programu za wanaanga huifanya kila siku. Kwenye data za Uhuru, chanzo kimoja kinachoitwa Centaurus X-3 kilionekana kupigapiga kama moyo, pigo moja kila sekunde 4.8. Kisha likaonekana jambo la pili: kila baada ya siku 2.1 hivi kilizimika kwa karibu nusu siku, kikarudi. Na la tatu: nafasi kati ya mapigo ilibadilika kidogo sana, kama sehemu 7 katika 1,000 za sekunde kwenda juu na chini, kwa mzunguko ule ule wa siku 2.1.

Unaijua honi ya basi la Babati linapokuja kwako kasi: sauti ni nyembamba, likishapita inakuwa nzito. Ndivyo na mapigo haya. Yanabanana kitu kinapotujia na kuachana kinapotukimbia. Kwa hiyo kitu hiki kinazunguka nyota nyingine kubwa, na kinazimika kinapopita nyuma yake. Ni nyota ya nyutroni: uzito wake unazidi wa Jua, upana wake kama kilomita 20 tu. Hakuna aliyewahi kuiona kwa umbo. Tunaijua kwa hesabu.

Kuuliza kama ni kweli

Hapa ndipo wengi huteleza. Kompyuta haichoki wala haioni haya. Ukiiambia ijaribu vipindi 10,000, itajaribu, na itakupa kichuguu hata pasipo na mnada. Ikiwa uwezekano wa kudanganywa kwa kipindi kimoja ni 1 katika 1,000, basi katika vipindi 10,000 tegemea vichuguu 10 vya uongo. Dawa mojawapo ni rahisi: gawa data nusu mbili, kunja kila nusu peke yake. Mnada wa kweli utatokea kotekote. Programu hujibu swali lolote utakaloiuliza. Kujua kama jibu lina maana ni juu yako.

Unaanzia wapi?

Uhuru iliacha orodha ya vyanzo 339 kabla ya kunyamaza mwaka 1973, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi yake ya kisayansi, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Wakati ule namba zilirushwa kutoka pwani yetu lakini zikasomwa Marekani. Leo orodha hiyo, pamoja na data za darubini zilizofuata, iko wazi bure kwenye hifadhi ya NASA iitwayo HEASARC.

Kwa anayeanza, nakushauri uchukue darubini ya TESS na programu ya Lightkurve, inayotumia lugha ya Python. Faili moja la nyota moja huwa kama MB 2, bando dogo kuliko la video ya WhatsApp. Huna laptopu? Fungua Google Colab kwenye simu. Hesabu itafanyika kwenye kompyuta za Google.

Tafuta nyota WASP-18. Ina sayari inayoizunguka kila baada ya saa 22 na dakika 36 hivi, na kila ikipita mbele, mwanga wa nyota hupungua kwa karibu asilimia 1. Kunja data kwa siku 0.9415, uone shimo linavyojichora. Kisha kunja kwa siku 0.8, uone linavyopotea. Halafu gawa data nusu mbili, ujihakikishie mwenyewe.