Kuchagua RAM ya Kuongeza Kwenye Kompyuta Mpakato

Mtahiniwa, soma swali hili kwanza: Juma ana kompyuta mpakato yenye RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 500. Akifungua programu nyingi kwa pamoja, kompyuta inakuwa nzito. Mshauri aongeze nini, kisha taja mambo manne ya kuzingatia kabla ya kununua.

Ukimwambia Juma anunue diski kubwa zaidi, umepoteza alama kwenye mstari wa kwanza. RAM ni kumbukumbu ya muda: hubeba programu na data zinazotumika wakati huo, na umeme ukikatika vyote hufutika. Diski ni hifadhi ya kudumu. Mfikirie fundi cherehani mwenye meza ndogo na kabati kubwa. Meza ikijaa, kila baada ya mishono michache anainuka kwenda kabatini. Ndivyo RAM inavyojaa: mfumo endeshi huhamishia sehemu ya data kwenye diski, ambayo ni ya polepole zaidi, na kazi inakwama.

Kwa hiyo thibitisha kwanza kuwa RAM ndiyo inayojaa. Kwenye Windows 10, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha utazame kiasi cha kumbukumbu kinachotumika. Kama nusu iko wazi, kuongeza RAM hakutamsaidia Juma.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kizazi cha RAM. Kipande cha DDR3 cha kompyuta mpakato kina pini 204, cha DDR4 kina 260 na cha DDR5 kina 262. Mkato ulio kwenye ukingo wa pini umewekwa mahali tofauti, hivyo kizazi kisichofaa hakiingii. Usikilazimishe.

Hapa kuna mtego. DDR3 ya kawaida hutumia volti 1.5, na DDR3L hutumia volti 1.35, lakini pini na mkato ni sawa kabisa. Zote zinaingia! DDR3L kwa kawaida hufanya kazi hata kwenye volti 1.5, ila kompyuta iliyoundwa kwa volti 1.35 pekee inaweza kukataa kuwaka ukiiwekea DDR3 ya kawaida. Soma lebo. Ikiandikwa PC3L-12800S, herufi L ni ya volti ndogo na S ni ya umbo la kompyuta mpakato. Namba 12800 ni megabaiti kwa sekunde: mapigo milioni 1600 mara baiti 8. Hesabu hiyo fupi inafaa kukaririwa.

Jambo la pili ni kikomo cha kompyuta yenyewe. Lenovo ThinkPad T440s, kwa mfano, ina gigabaiti 4 zilizounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama na nafasi moja tu ya kuchomekea. Ukiweka kipande cha 8 unapata 12, na hapo ndipo mwisho. Kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi hazina nafasi hata moja, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Jambo la tatu, mfumo endeshi. Mfumo wa biti 32 una anwani 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Kila anwani ni ya baiti moja, kwa hiyo jumla ni gigabaiti 4. Windows ya kawaida ya biti 32 haivuki hapo, na kwa kweli hutumia pungufu kidogo kwa sababu baadhi ya anwani huchukuliwa na vifaa vingine.

La nne ni kasi. Vipande viwili vya kasi tofauti vikiwekwa pamoja, kwa kawaida vyote hufuata kile cha polepole. Si hasara kubwa, ndiyo maana nimeiweka mwisho.

Wakati wa kufunga, zima kompyuta, chomoa chaji na betri, kisha gusa chuma kuondoa umeme tuli mwilini.

Jaribu hili: Asha ameongeza RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Kompyuta inaonyesha kuwa 8 zimefungwa, lakini zinazotumika hazifiki 4. Prosesa yake ni ya biti 64. Eleza kilichotokea, ukionyesha hesabu, na utaje hatua moja ya kurekebisha. (Alama 5)