Oke ya kukubali, oke ya kusikia

Ndani ya daladala, msikilize mtu anayeongea na simu, upande wake tu. "Oke." Hapo anasema nakusikia, endelea. "Oke?" Hapo anauliza, hajaamini. "Okeee..." Sasa kuna jambo linamwingia polepole. "Oke, oke, oke!" Anamtaka mwenzake akome. Mwisho "oke, haya," na simu inakatwa. Neno limebaki lilelile muda wote, na abiria wa jirani wameshaelewa kwamba kuna mkopo haujalipwa na mdhamini amechoka.

Herufi hizi mbili, O na K, huenda ndizo neno la Kiingereza linalofahamika na watu wengi zaidi duniani. Hakuna anayekwenda darasani kujifunza. Kwa Kiingereza ni nomino, kitenzi, kivumishi, kielezi na kiingizi, bila kubadili umbo. Sisi tumelipokea pamoja na kazi zake karibu zote. Ofisini barua inasubiri oke ya bosi. Mtoto akianguka tunamuuliza, uko oke? Mwalimu akiingia darasani akasema "Oke!" hajamkubalia mtu chochote; amesema tu kwamba soga zimekwisha, kipindi kinaanza. Na mwenyekiti wa kikao akilirudia neno hilohilo kwa sauti ya chini huku akikusanya karatasi zake, wajumbe wanaanza kutafuta viatu vyao chini ya meza.

Ila kuna kitu tumeliongezea. Tumelipa "tu". Ukiulizwa harusi ilikuwaje ukajibu "ilikuwa oke", umetoa maksi za wastani. Ukijibu "oke tu", omba wenye harusi wasisikie. Mwingereza lazima ashushe sauti na kuinua bega ili kufikisha dharau hiyo. Sisi tunaifikisha hata kwa maandishi.

Inawezekana kwa sababu OK haina sifa ndani yake. Allan Metcalf, mwanaisimu wa Marekani aliyeliandikia neno hili kitabu kizima mwaka 2010, alilisisitiza jambo hilo: OK huthibitisha bila kusema kitu ni kizuri kiasi gani. Ndege imetua oke. Imetua, basi; kama ilitua kwa ulaini au kwa kishindo, usiulize.

Mwanzo wake ni mzaha wa gazetini. Mwishoni mwa miaka ya 1830, waandishi wa Boston walipatwa na homa ya kufupisha maneno, sawa na vijana wetu wa zama za SMS waliotuandikia "xaxa" na "cjui" mpaka wazee wakakata tamaa. Utani ulinoga zaidi pale kifupisho kilipotokana na tahajia iliyokosewa makusudi. "All right" iliandikwa "oll wright", ikawa O.W. Kisha tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post, chini ya mhariri wake Charles Gordon Greene, likachapa "o.k." na kueleza papo hapo kwamba ni "all correct", yaani kila kitu ni sahihi. Herufi zenyewe zilitoka kwenye "oll korrect". Kichekesho kiko hapo: anayetangaza kwamba kila kitu ni sahihi amekosea herufi ya kwanza ya maneno yote mawili.

O.W. ilikufa na wenzake wengi wa kundi lile. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena. Alikuwa mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, kwa hiyo wafuasi wake wakamwita "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook, na wakaanzisha klabu ya kampeni iliyoitwa OK Club. Wapinzani hawakulala. Uchumi ulikuwa umedorora tangu mwaka 1837, basi wakazifasiri herufi hizo kuwa "Out of Kash", kapuku. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, ambaye naye alifariki mwezi mmoja tu baada ya kuapishwa. Katika kinyang'anyiro kile chote, aliyetoka na ushindi wa kudumu ni kifupisho.

Halafu ikaja telegrafu. Mpokeaji wa ujumbe alihitaji alama fupi ya kumjulisha mtumaji aliye mji wa mbali kwamba ujumbe umefika salama, naye akagonga OK. Kwa maoni yangu hapo ndipo neno hili lilipopata tabia yake ya leo. Lilizaliwa likiwa na maana ya "ni sahihi". Kwenye waya likawa "nimepokea". Na kupokea si kukubali. Karani wa telegrafu hakuwa na maoni yoyote juu ya ujumbe uliopita mkononi mwake. Ungeweza kuwa wa tanzia au wa kuuza ng'ombe, OK yake ilikuwa ileile.

Asili hii tunaijua kwa sababu ya Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya zamani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964 katika jarida la American Speech. Hata baada ya kazi yake, kila mtu amebaki na hadithi yake. Wagiriki wana "ola kala", mambo yote ni mazuri. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" akiamini ni neno la Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani. Wengine wanataja biskuti za Orrin Kendall zilizoliwa na askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, lakini vita hivyo vilianza mwaka 1861, wakati neno lilikuwa na umri wa miaka 22 na limekwishagombea urais.

Hadithi inayotugusa sisi ni ya Afrika Magharibi. Mtafiti David Dalby alipendekeza kwamba OK ilitoka kwa Waafrika waliochukuliwa utumwani, katika maneno ya Kiwolofu yanayotamkwa karibu na "waw kay", ndiyo hakika. Ningependa iwe kweli. Mchango wa watumwa katika lugha ya Marekani umefutwa mara nyingi, na si ajabu kwamba sauti yao iliwasaidia wasikilizaji kulizoea neno. Lakini ushahidi wa maandishi unaoanzia Boston, toleo baada ya toleo, mwezi baada ya mwezi, ni mnyororo usio na pengo, na upande wa Kiwolofu mnyororo wa namna hiyo bado haujapatikana.

Kompyuta ndiyo iliyolifikisha neno kwa wasiojua Kiingereza kabisa. Na lilikaribia kukosa nafasi hiyo. Wahandisi wa Apple walipokuwa wakitengeneza kompyuta ya Lisa, iliyotoka mwaka 1983, walikuwa wameandika "Do It" kwenye kitufe cha kuthibitisha, yaani fanya. Katika majaribio baadhi ya watu waliyasoma maneno hayo mawili kama moja, "dolt", ambalo ni tusi lenye maana ya mpumbavu, wakashangaa mashine inawatukana kwa kosa gani. Kitufe kikabadilishwa kikawa OK. Leo simu iliyowekewa Kiswahili huandika "Sawa" mahali hapo, lakini wengi wetu tulikutana na OK kwanza. Kule Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, bibi ambaye hakuwahi kukanyaga shule alijifunza kwamba baada ya namba ya siri kinachofuata ni kubonyeza OK, na kwamba akishabonyeza, pesa imekwenda. Kwake yeye OK ni sahihi yake na kidole gumba cha wino kwa pamoja.

Hapa ndipo neno linapoanza kunitia wasiwasi. Kitufe hakijui kama umekubali, umesoma, au umechoka tu na kisanduku kilichokuzibia kioo. Masharti ya programu yana kurasa na kurasa. Tunabonyeza OK ili yaondoke. Kampuni inahesabu kwamba tumeridhia.

Kiswahili hakikuwa na njaa ya neno hili. Tuna sawa, haya, poa, vyema, naam, basi, na kila moja lina mahali pake. "Sawa" husema hatugombani. "Poa" ni ya rika. "Haya" ni bahari: mama akimwambia mtoto "haya, njoo ule" ni ukarimu, akimwambia "haya, endelea" huku amemkazia macho, mtoto mwenye akili haendelei. Yote haya yanabeba uhusiano wa wanaozungumza. Bibi akikutuma dukani unamjibu "haya bibi", au "ndiyo bibi". Ukimjibu "oke" na kuondoka, utatumwa, lakini jioni utasimuliwa kwa baba yako. Oke haina cheo wala umri, na kwa wengi ndiyo faida yake: mhasibu humwandikia mkurugenzi "ok" na dereva vilevile, bila kuanza kupima nani amwamkie nani. Ikipunguzwa ikabaki "k" peke yake kwenye WhatsApp, basi jua kuna mtu amenuna.

Angani neno hili lina historia ya pande mbili. Tarehe 20 Julai 1969, Apollo 11 ilipogusa Mwezi, "okay" ya Buzz Aldrin ilikuwa miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa kutamkwa na binadamu akiwa pale. Miaka minane baadaye ikasikika kwenye uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife.

Jumapili ya tarehe 27 Machi 1977, bomu lililolipuka kwenye uwanja wa kisiwa jirani cha Gran Canaria lilizifanya ndege nyingi zielekezwe Los Rodeos, uwanja mdogo uliojaa kuliko uwezo wake. Ukungu ukashuka. Boeing 747 mbili, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, hazionani, na mnara hauzioni zote mbili. Wa KLM walisema kwa redio kwa Kiingereza chenye utata kwamba sasa wako "at takeoff". Mwongozaji alielewa kwamba wamefika mahali pa kurukia na wanangoja. Akajibu, "OK," akanyamaza kidogo, kisha akawaambia wasubiri, atawaita. Katika nukta hiyohiyo Pan Am nao walizungumza kuonya kwamba bado wako njiani, na sauti mbili zilipokutana kwenye masafa yale zikageuka mlio mkali. Kilichosikika vizuri kwenye chumba cha marubani wa KLM ni OK. Ndege yao ilikuwa imekwishaanza kukimbia. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi zaidi ya hiyo bila ya kuwa shambulio.

Sababu zilikuwa nyingi: ukungu, haraka, msongamano, rubani mkuu aliyeanza kuondoka bila kibali. Haitakuwa haki kulitupia neno moja maiti wote wale. Lakini mwongozaji alisema OK ya telegrafu, nimekusikia, na ile ya kitufe, ruhusa imetolewa, inatamkwa vivyo hivyo. Baada ya Tenerife taratibu za mazungumzo ya redio zilikazwa. Neno la kuruka hutamkwa pale tu kibali cha kuruka kinapotolewa au kufutwa. Kabla ya hapo husemwa "kuondoka". Na rubani akipewa kibali haruhusiwi kujibu OK; hukirudia chenyewe, namba kwa namba, mwongozaji akisikiliza.

Wazamiaji nao, wakiwemo wanaopeleka watalii chini ya maji huko Nungwi na Mafia, wamelifunga neno hili kamba. Ishara ya kidole gumba na cha shahada vikiunganishwa duara ni swali na pia ni jibu, na anayeulizwa lazima airudishe. Asipoirudisha, kuna tatizo. Kidole gumba kikielekezwa juu, ambacho huku nchi kavu tungekiona ni oke ileile, kule chini kina maana ya kupanda, safari imekwisha.

Basi nawe ukimweleza mzazi wako namna ya kumeza dawa za presha, au fundi vipimo vya msingi, au kijana unayemtuma na hela ya ada, akakujibu "oke", usiondoke. Mwambie akurudishie maneno yako mwenyewe, kidonge kwa kidonge, futi kwa futi, shilingi kwa shilingi.