Kulipia tangazo Google au kusubiri uonekane bure? Yaliyonikuta na apatimenti za Mkonze



Leo naomba tuongelee hii kitu ya kutafuta wapangaji kupitia Google, maana naona wenye nyumba wengi hapa Dodoma wanaingia kichwa kichwa na hela zinakwenda. Mimi mwenyewe niliingia hivyo hivyo, tena kwa hela ambayo haikuwa yangu, ndio maana inaniuma mpaka leo.

Kuna mama mmoja hapa Mkonze, mstaafu, kajenga apatimenti nane za vyumba viwili viwili kwa hela ya kiinua mgongo. Jengo zuri, maji yapo, kila mpangaji na luku yake. Tano zina watu, tatu zilikaa tupu karibu miezi minne. Madalali walikuwa wanaleta watu, lakini dalali si mnamjua: anataka kodi ya mwezi mzima kama malipo yake, na mteja akisitasita kidogo anapelekwa nyumba nyingine. Mama akasikia nafanya mambo ya blogu, akaniita. "Mwanangu, hebu nitangazie hizi nyumba huko Google watu wazione." Nikamjibu, "Hamna shida mama," kwa kujiamini kabisa. Akanipa laki moja.

Ilikwisha ndani ya siku tano. Zilipigwa simu mbili tu, na mmoja alikuwa anauliza bei ya kulala usiku mmoja!

Sasa tuelewane kwanza. Ukitafuta kitu Google unaletewa majibu ya aina mbili. Yapo yenye alama ya kuonyesha kwamba yamedhaminiwa, hayo yamelipiwa. Halafu yapo ya kawaida, ambayo Google imeyapanga yenyewe kwa kuangalia ukurasa upi unajibu vizuri alichoulizwa. Biashara ya matangazo Google waliianza mwaka 2000 kwa jina la AdWords, tangu 2018 inaitwa Google Ads. Na kulipia tangazo hakukupandishi hata hatua moja kwenye yale majibu ya kawaida, Google wenyewe wanasema hivyo. Mi nilidhani ukiwa mteja wao watakupendelea. Wapi!

Tangazo linakwenda kwa mnada. Kila mtu anapotafuta, mnada unafanyika palepale: wewe umesema uko tayari kutoa kiasi gani kwa mtu mmoja kubonyeza, jirani yako naye kasema chake, na Google inaangalia pia kama tangazo lako na ukurasa wako vinaendana na alichotafuta. Kwa hiyo mwenye hela nyingi sio lazima awe juu. Kwa aina hii ya tangazo hela inakatwa mtu akibonyeza, awe anataka nyumba kweli au kakosea tu.

Hapo ndipo nilipomtia mama hasara. Niliweka maneno "apatimenti Dodoma" nikaacha kila kitu kingine kama kilivyokuja. Usipobana maneno yako, Google inaruhusiwa kuonyesha tangazo hata kwa mtu aliyetafuta kitu kinachokaribiana tu. Nilipofungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa nikakuta hoteli, lodge, nyumba za kuuza, viwanja, yaani kila kitu kasoro mpangaji. Kumbe kuna sehemu ya kuandika maneno usiyoyataka. Ukiandika pale "hoteli", "lodge", "kuuza", "kiwanja", unaokoa hela nyingi. Hiyo fanyeni kabla ya kuwasha tangazo, sio baada kama mimi.

Kosa la pili nililifanya wakati nadhani narekebisha la kwanza. Nikabana tangazo lionekane kwa watu waliopo Dodoma tu. Kumbe mpangaji wa Dodoma mara nyingi hayupo Dodoma! Tangu Rais Magufuli alipotangaza mwaka 2016 kwamba serikali inahamia huku, watu wanaletwa kwa barua ya uhamisho. Mtumishi anapata barua akiwa Dar au Mwanza, na anaanza kutafuta nyumba akiwa hukohuko. Mwanafunzi wa UDOM au St. John's naye anatafuta akiwa kwao. Ukimfungia nje mtu wa Dar, umemfungia nje mpangaji wako. Ngumu kumeza, ila ndio hivyo.

Basi hela ikaisha, nikarudi kwa mama na kichwa chini, nikamwambia nitafanya ya bure. Na hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Ukitafuta "nyumba za kupanga Dodoma" unakutana na mitandao mikubwa ya matangazo kama Jiji. Hao usipambane nao, hutawaweza. Lakini kurasa zinazoongelea nyumba za kupanga Mkonze kwa maneno yaliyonyooka ni chache mno. Nikamtengenezea mama ukurasa mmoja wa bei rahisi: vyumba vingapi, kodi shilingi ngapi, inalipwa ya miezi mingapi, maji yakoje, stendi ya daladala iko wapi, barabara wakati wa mvua ikoje. Kodi ni laki mbili na nusu, nikaiandika. Mama hakupenda, alitaka watu wapige simu waulize. Nikamwambia mama, mtu wa Dar hapigi simu kwa kitu asichojua bei.

Niliandika kwa maandishi kabisa, maana yale maposta ya picha tunayorusha kwenye status hayamsaidii mtu anayetafuta Google. Na nilitumia maneno ya watu. Hakuna mtu anayetafuta "makazi ya kifahari". Wanaandika "chumba na sebule", "chumba masta", wengine wanaandika kwa Kiingereza, wengine wanachanganya.

Kwenye ramani kuna kitu muhimu. Google hawaruhusu kusajili nyumba tupu inayosubiri mpangaji. Wanachoruhusu ni ofisi ya kupangishia, yenye mtu na saa za kazi. Kijana wa mama anayekaa getini ana kachumba chake, tukaweka kibao, tukasajili hapo.

Majibu ya bure hayaji kesho. Wiki kadhaa kimya, mpaka mama akaanza kuniangalia vibaya. Mwezi wa tatu ndio simu zikaanza, na mtumishi mmoja akaja kutoka Dar akiwa keshaujua mpaka upande wa jikoni. Kalipa miezi sita. Akikutokea mtu anakuahidi namba moja Google kwa wiki mbili, mkimbie, hiyo hakuna anayeweza kuihakikisha.

Lakini nisiwadanganye kwamba kulipia ni ujinga. Piga hesabu: apatimenti moja ikikaa tupu mwezi mmoja, laki mbili na nusu imepotea, na dalali anachukua kiasi hichohicho. Tangazo la laki moja lililobanwa vizuri likileta mpangaji mmoja, limelipa. Mimi ningeliwasha wiki chache tu, vyuo vinapokaribia kufunguliwa, na nyumba zikijaa nalizima siku hiyohiyo, maana kila anayebonyeza baada ya hapo ni hela ya bure kwa Google. Ule ukurasa wa bure hauzimwi. Hata sasa watu wanapiga, na mama ana daftari anaandika majina ya wanaosubiri za vyumba vitatu, ambazo hana. Ameanza kuulizia mafundi.

Apatimenti moja bado iko tupu, ile ya nyuma isiyopata jua. Hiyo wadau nimejaribu kuipiga picha kila saa ya siku na haipendezi. Mwenye ujanja wa picha za ndani kwa simu ya kawaida atupie hapo chini, mama ananisubiri.